Mai Kwanda

Mjomba wangu haoni tena. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata, na sasa akiwa ndani ya dau anapambanua jua na kivuli, basi. Lakini kila mwaka upepo wa kusi unapochoka na bahari ikaanza kulala, humtuma mtoto wa dada yangu aje anigongee mlango baada ya swala ya alfajiri. Mtoto hasemi mengi. "Babu asema maji yatajaa saa tatu." Nami najua kuwa siku hiyo sina kazi nyingine.

Namshika mkono mpaka ufukweni, namkalisha nyuma karibu na usukani, mahali pake tangu sijazaliwa, na kumpa mshipi wake uliozungushiwa kibao. Tukishaingia Mkanda, kisiwa cha Manda upande mmoja na bara upande wa pili, mikoko imetubana huku na huku, huniuliza swali lile lile. Haulizi samaki wako wapi. Huuliza, "Mai yako vipi?"

Kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, maji ni mai, na kwanza ni kwanda. "Mai kwanda" ni maneno niliyoanza kuyasikia kwake nikiwa na miaka 8, nilipokuwa natupa ndoana kabla nanga haijashika vizuri. Alikuwa akinishika kiwiko: "Mai kwanda, mwanangu. Ndoana haikimbii." Nilidhani ananituliza tu, kama mtu anavyomtuliza mtoto msikitini. Nikayasikia miaka mingi bila kuyaelewa. Maana yake niliipata mbali na bahari, kwenye baridi ya Nyeri, mbele ya samaki ambaye mjomba hajawahi kumshika, na kwa mzee mwingine kabisa.

Nilipelekwa Nyeri kufundisha, nikakaa huko miaka sita. Mtu wa Lamu akiamka asubuhi asisikie bahari, anahisi kama sikio limeziba. Jumamosi ya tatu nikaulizia kama kuna mahali pa kuvua, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu, ambaye ujana wake wote aliutumia kuwabebea wageni mizigo na kuwaongoza kwenye mito ya Aberdare, wageni waliokuja kuvua trauti. Wengine walimwachia vifaa vyao vya zamani. Alikuwa na fimbo mbili za kuvulia, futi 9 kila moja, na visanduku vya ndoana zilizovishwa manyoya.

Nilikwenda naye mto Gura nikiwa nimejiandaa kwa ujuzi wangu wa Lamu: mshipi wa nailoni nene, chubwi ya risasi, ndoana ya tewa, yaani chewa, na minyoo kwenye kopo. Nikashuka mpaka ukingoni kabisa, nikasimama wima mwanzo wa kidimbwi, nikatupa. Chubwi ikalia chubwi. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, wote wameshaenda." Akanikalisha juu ya jiwe, nyuma ya kichaka, akaangalia saa. Tulikaa dakika 20. Kisha akaniuliza: "Unaona nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

Sikuwa na jibu. Kwangu mto ulikuwa kitu kimoja kinachoteremka. Akaanza kunionyesha kwa kidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto herufi. Pale yanapopita juu ya changarawe yakitetemeka, ni maji mafupi. Samaki mdogo hula hapo. Pale yanapolala meusi chini ya ukingo uliochimbika, mkubwa hujificha mchana. Na pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, ukitazama vizuri utaona mstari, wakati mwingine una povu. Mzee alisema hapo ndipo maji yanaposhonwa. Samaki husimama upande wa polepole ili asichoke, pua yake karibu na mshono, na mto unamletea chakula mlangoni. Hatumii nguvu kwa kitu ambacho hakitamrudishia nguvu.

Nikakumbuka Mkanda. Nikakumbuka tewa anayekaa kando ya mzizi wa mkoko, nje kidogo ya mkondo, akingoja duvi, wale kamba wadogo, wapitishwe mbele yake. Samaki wawili wasiojuana, mmoja wa maji ya chumvi yenye joto na mwingine wa maji ya baridi, na wote wawili wanakaa kwa hesabu moja. Nilihisi aibu kidogo, maana hesabu hiyo niliwekewa mkononi nikiwa na miaka 8.

Ngoja niseme juu ya samaki mwenyewe, kwa kuwa watu wetu wengi wa pwani hawamjui. Trauti si wa Kenya kwa asili. Yule wa kahawia aliletwa mwaka 1905, mayai kutoka Uskoti, akatiwa katika mto huo huo wa Gura na mlowezi Ewart Grogan. Yule wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni, akafuata miaka michache baadaye. Asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki huko Amerika Kaskazini. Wote wawili wanataka maji ya baridi yenye hewa nyingi. Nyuzi 10 hadi 16 ndizo raha yao. Zikifika 25 huwa karibu na kufa, na bahari yetu hukaa huko na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana hapa kwetu trauti hukaa juu mlimani tu, na akiteremka na mto hufika mahali akageuka.

Namna ya kumvua ilinichukua muda mrefu. Kwenye mshipi wetu uzito uko kwenye chubwi: unazungusha, unaachia, chubwi inaubeba mshipi. Kwa trauti ndoana haina uzito wowote, ni unyoya na uzi wa hariri tu vilivyofungwa viwe mfano wa mdudu. Uzito uko ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na fimbo huupeleka nyuma, unanyooka hewani, kisha huurudisha mbele. Ukiharakisha kabla haujanyooka nyuma, unakuangukia kichwani. Mkono uliozoea kutupa chubwi hauna subira hiyo. Mzee aliniwekea kitabu kwapani, akasema kikianguka ujue unatumia bega. Kikaanguka kwa wiki tatu.

Kabla ya kufunga mdudu yeyote, alikuwa akiinua jiwe mtoni na kuligeuza. Chini yake kuna maisha mengi: vifunza bapa vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania jiwe, na vingine vinavyojijengea nyumba ya mchanga na vijiti, nyumba ndogo kama punje ya mchele, ukiibonyeza utaona mwenyewe anachungulia. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake huko chini, wala si juu ya maji kama wengi wanavyodhani kwa kumwona akiruka. Basi Mzee akitazama vile vilivyo chini ya jiwe, anachagua unyoya unaofanana navyo kwa rangi na ukubwa. Hakuwahi kufungua kisanduku kabla ya kugeuza jiwe. Hata siku moja.

Na kuna jambo la kuburuta, ambalo lilinitesa kuliko yote. Mdudu wa kweli huchukuliwa na maji, haendi haraka kuliko maji wala polepole kuliko maji. Mshipi ukilala juu ya mkondo wa kasi huku unyoya uko kwenye maji ya taratibu, mshipi unauvuta, na unyoya unakata maji kama dau lenye tanga. Trauti anakuja, anatazama, anageuka. Nilikuwa nikiwaona wakigeuka. Dawa ni kuinua sehemu ya mshipi na kuilaza upande wa juu wa mkondo, kabla haijaanza kuvuta, na huwezi kufanya hivyo kama hujajua maji yapi ni ya kasi na yapi ni ya taratibu kati yako na samaki. Kila mlango niliougonga kwenye uvuvi huu ulinirudisha kwenye swali la kwanza.

Nilipoteza samaki watatu wa kwanza kwa mkono wangu wa tewa. Mvuvi wa Lamu anajua: tewa akiuma, una nukta moja ya kumtoa mlangoni kabla hajajipenyeza shimoni na kujitanua. Unavuta kwa nguvu zote. Trauti hushikwa kwa uzi mwembamba unaokatika ukiuvuta hivyo. Unainua fimbo tu, kama unavyoinua kifuniko cha sufuria kuona kama wali umeiva, na fimbo inafanya kazi iliyobaki. Nilivuta, ukakatika. Nikavuta, ukakatika. Wa tatu nilimwona vizuri, wa kahawia, madoa mekundu yenye duara jeupe, akaondoka na unyoya wangu mdomoni. Usiku ule sikulala vizuri kwa kumfikiria na ndoana ile, na tangu siku hiyo nabonyeza vijino vya ndoana kwa koleo, huko na hapa Lamu pia. Ndoana isiyo na kijino hutoka upesi, kwenye mdomo wa samaki na kwenye nyama ya mtu.

Wageni waliompitia Mzee walikuwa wakimsimulia kuhusu kwao, naye alinisimulia mimi tukiota moto. Kwao kuna msimu baada ya joto, majani yanakauka na kudondoka mtoni, maji yanapoa wiki hadi wiki, na trauti anayejua kuwa baridi kali inakuja hula kwa bidii, hasa kwenye maziwa ya milimani ambayo yataganda juu. Trauti wa kahawia hutaga msimu huo. Wanapanda mito midogo, dume anang'aa rangi ya dhahabu na taya lake la chini linapinda kama ndoana, jike anachimba changarawe kwa mkia na kutaga humo. Kwa hiyo mito mingi hufungwa, na mvuvi mwenye adabu hakanyagi changarawe iliyofukuliwa. Vitabu vyetu vya Kiswahili huuita msimu huo majira ya vuli. Mimi nikisikia vuli nawaza mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, nawaza paa linalovuja. Lakini nilipolifikiria zaidi niliona jina halikukosea sana, maana vuli yetu nayo huja na matlai, wakati upepo unapobadilika na kila kilicho ndani ya maji kinabadili mwendo.

Kule mlimani vuli ina hatari yake, na mimi ilinifundisha vibaya.

Ilikuwa Oktoba, nilikwenda Gura peke yangu. Jua lilikuwa linawaka juu yangu. Nilikuwa nimevua wawili wazuri, nikavuka kwenda upande wa pili ambako kulikuwa na mshono mrefu chini ya mti. Niliona majani yanapita juu ya maji, na vijiti. Niliona kwamba jiwe nililokanyaga nikivuka halionekani tena. Niliona maji yamekuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Yote jicho liliyaona, lakini mimi sikuwepo; nilikuwa kwenye unyoya wangu. Mvua ilikuwa imenyesha juu, kwenye nyanda za baridi za Aberdare, mbali na macho yangu, na mto ulikuwa unaniletea habari kwa lugha niliyofundishwa. Nilipojaribu kurudi maji yalinifika kiunoni, mguu ukateleza, nikaburutwa mpaka kwenye mti ulioanguka. Nilitoka. Fimbo ilivunjika, kisanduku kikaenda. Nilikaa ukingoni nikitetemeka kwa baridi na kwa hofu, nikasikia sauti ya mjomba waziwazi kama yuko nyuma yangu.

Mzee nilipomweleza hakusema neno kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Majani ulianza kuyaona saa ngapi?" Nikamwambia. "Na ulitoka saa ngapi?" Nikamwambia. Hakunichukua mtoni kwa mwezi mzima, na alikuwa na haki.

Mwaka uliofuata tulipanda pamoja mpaka Ziwa Rutundu, kwenye mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Ziwa halina mkondo, nikadhani hapo kusoma maji hakuna maana. Mzee akaninyooshea kidole upande ambao upepo ulikuwa unapeleka mawimbi. Upepo hufagia wadudu juu ya maji na kuwakusanya upande mmoja, na samaki hufuata. Watu wengi huvua upande uliotulia kwa sababu ni rahisi kutupa mshipi. Tulisimama upepo ukitupiga usoni, mikono imekufa ganzi, na trauti wa upinde wa mvua walikuwa miguuni petu, mita 3 kutoka ukingoni. Sikutupa mbali siku ile. Sikuwa na haja.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Gura, kisha nirudi nyumbani. Gura huingia Sagana, na Sagana ndiyo inayokuwa Tana. Maji yale yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanashuka Garissa, Hola, Garsen, na kuingia bahari Kipini, hapa jirani yetu. Mto wa kilomita 1,000 hivi. Niliporudi Lamu kwa basi na tukafika daraja la Garsen, nilisogea dirishani. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yamebeba udongo wa nchi nzima. Abiria mwenzangu aliniuliza natazama nini. Nilishindwa kumweleza kwamba nimeyajua maji hayo yakiwa meupe kiasi cha kuhesabu mawe chini yake.

Nyumbani nikamkuta mjomba ameshapoteza macho. Hakuna aliyeniandikia; hakutaka nisumbuliwe. Alikuwa amekaa barazani, akanijua kwa hatua. Baada ya salamu na kahawa akaniomba nimpeleke Mkanda.

Siku hiyo ya kwanza aliniuliza, "Mai yako vipi?" Nikajibu, "Mazuri, mjomba." Akangoja. Nikaongeza, "Yametulia." Akasema, "Mwanangu, mazuri si jibu. Mimi siyaoni. Niambie."

Nikaanza kumwambia, na nilichogundua kinanishangaza mpaka leo: miaka sita ya kutazama mito, na bado nilikuwa natazama nusu. Ukijitazamia mwenyewe, jicho hupita haraka juu ya kitu na kusema nimekijua. Ukimtazamia mtu ambaye mshipi wake unategemea ulimi wako, huwezi kupita. Nilisema yanajaa. Akauliza, yanajaa kwa nguvu au yanakaribia kusimama? Nikatazama kamba ya nanga. Ilikuwa imekaza, lakini si sana. Akauliza, jani la mkoko likipita linakwenda sawa au linazunguka? Nikangoja jani lipite. Linazunguka kidogo likifika mdomo wa kijito. Akauliza rangi. Nikasema kijani, nikajisahihisha: kijani huku kwetu, kahawia kule yanakotoka yale ya kijito, na kuna mstari kati yao. "Una povu?" Una povu. "Tupa kando ya povu, upande wa kijani. Usitupe ndani ya kahawia." Alipata tewa kabla sijamaliza kutia chambo.

Huo ndio uvuvi wetu wa matlai sasa. Nitaeleza tunavyofanya, kwa vijana wanaouliza. Wakati wa kusi bahari ya nje ni ya wenye vyombo vikubwa. Sisi hujificha ndani ya mikondo. Matlai inapoingia, kwenye mwezi wa kumi na kumi na moja, upepo hupungua, maji husafika, na samaki waliokuwa wakila kwa kujificha huanza kutoka. Tunapenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa Mkanda huvuta mpaka chubwi haikai chini. Ukilazimika kuvua bamvua, vua ile nusu saa maji yanaposimama kabla ya kugeuka, kisha uende nyumbani. Chambo bora ni kamba aliye hai, ndoana ipite mkiani asife. Kisha vipande vya ngisi, vyembamba na virefu ili vicheze. Chubwi iwe ndogo kadiri mkondo unavyoruhusu. Wengi hutia risasi kubwa ili wahisi chini, lakini chambo kilichopigiliwa chini hakiendi na maji, na mambo niliyoyasema ya trauti na kuburuta yanamhusu samaki wetu kelea pia. Mjomba aliniambia mwenyewe: kamba wa kweli hasimami kwenye mkondo kama askari.

Tewa aliye chini ya shibiri mbili tunamrudisha. Mjomba humpima kwa mkono, vidole vyake vinajua. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi tu wakishakua ndio hugeuka madume, kwa hiyo anayemaliza wadogo na anayemaliza wakubwa wote wanavunja nyumba, kila mmoja kwa upande wake. Nikiona nyavu za macho madogo zikivutwa juu ya majani ya bahari, na juya, wavu wa kukokota, ambalo sheria imelikataza kwa zaidi ya miaka 20 bado linatandazwa alfajiri, moyo wangu unaumia. Vifaranga wale wa kelea wanaotupwa mchangani ndio waliopaswa kutulisha kesho kutwa.

Fimbo niliyokuja nayo kutoka Nyeri, Mzee alinipa ya pili siku ya kuniaga, niliijaribu kwenye maji mafupi ya Manda. Kusi iliurudisha mshipi wote usoni kwangu. Nilingoja matlai, asubuhi moja bahari kama kioo, nikampata kolekole mdogo kwa unyoya mweupe, akavuta kwa nguvu ambayo trauti hana. Nilifurahi. Lakini chumvi inaila ile mashine ya kukunjia mshipi, naiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila mara, na kwa chakula cha nyumbani mshipi wa mkono unashinda. Mjomba aliipapasa fimbo yote kutoka mwanzo hadi ncha. Akashika unyoya mmoja kati ya vidole viwili, akauviringisha. "Hii sura ya nini?" Nikamweleza yule mdudu anayejenga nyumba ya mchanga chini ya jiwe. Akatabasamu. "Ni duvi wao."

Wiki iliyopita tulikuwa Mkanda, maji yamesimama, mshipi umelegea, hakuna kinachouma. Tuna kelea wanne na tewa mmoja, tosha. Jua lilikuwa limepanda. Akasema, "Na huko mlimani, mai yako vipi?"

Sikumwelewa. "Mto wako," akasema. "Niambie kama unavyoniambia hapa."

Nikafumba macho. Nikamwambia: mjomba, kuna maporomoko madogo, urefu wa mtu. Chini yake kuna kidimbwi. Katikati ya kidimbwi pana jiwe kubwa kama punda aliyelala. Maji yakifika hapo yanagawanyika. Ya kushoto ni ya kasi, mafupi, yanaruka. Ya kulia ni ya kina, meusi, yanarudi nyuma yakizunguka, na povu linazunguka nayo halitoki. Upande wa kulia kuna tawi limeinama mpaka linagusa maji.

Alinyamaza, kidole chake kiko juu ya mshipi kama kawaida.

"Weye umesimama wapi?"

"Chini ya kidimbwi, katikati."

"Jua liko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Basi kivuli chako kimeshakutangulia. Toka hapo. Nenda ukae kushoto, chini, usisimame." Akafikiri kidogo. "Hayuko nyuma ya jiwe. Yuko kulia, pale povu linapokaribia tawi. Pua yake iko kwenye povu. Na anatazama chini, si juu, kwa kuwa hapo maji yanarudi nyuma."

Nilifumbua macho. Ni mahali hapo hasa ambapo Mzee alinitoa katikati kwa kunishika bega, akanikalisha kushoto kwenye majani, na ndipo nilipompata trauti wangu wa kwanza, pua imeelekea chini ya mto kama alivyosema. Nilitaka kumwambia mjomba. Kamba ya nanga ikalegea, na dau likaanza kugeuza omo polepole kuelekea Manda.

"Yamegeuka," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Tia chambo."